Kupanda mrowani bustanini: mwongozo kwa tuliokulia nchi za joto

Kila Septemba simu yangu hupokea picha ya mti uleule. Majani yamepangana pande mbili za kikonyo kama ya mwarobaini, yana meno pembeni, na vishada vya vitunda vyekundu vimening'inia mpaka matawi yamepinda. Anayetuma anaweza kuwa Aberdeen, Oslo au Tampere, lakini maswali hayabadiliki. Mti huu unaitwaje? Naweza kuupanda kwangu? Mbegu nilizofukia hazioti, nimekosea wapi? Nimeuvika blanketi wakati wa theluji, mbona umekufa?

Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, kwa hiyo naweka yote hapa. Mimi natokea Rombo, na huu ni mwaka wa 14 naishi kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Nimepanda mirowani 9, mingine kwangu na mingine kwa majirani. Miwili ilikufa, na yote miwili niliiua mwenyewe kwa makosa ambayo sasa nayaona kwenye picha zenu.

Kosa letu kubwa ni moja. Tunauhurumia mti huu kwa sababu ya baridi, kumbe umezaliwa humo. Huota kaskazini kabisa mwa Norway, huota Iceland, na kwenye milima ya Uskoti hupanda juu kuliko mti mwingine wowote wa Uingereza, hadi karibu mita 1,000. Baridi ya kwako hauioni kitu. Huuawa na kuzikwa chini mno, na maji yaliyotuama, na kiu ya majira ya joto ya kwanza. Ukiyashika hayo matatu, mengine yote humu ni nyongeza.

Jina, ili usiuziwe kingine

Kiswahili hakina jina lake, kwa hiyo hapa nauita mrowani. Dukani uliza kwa jina la wenyeji: rowan kwa Kiingereza, rönn Sweden, rogn Norway, pihlaja Ufini, Eberesche au Vogelbeere Ujerumani, lijsterbes Uholanzi. Kwenye kibandiko tafuta jina la kisayansi, Sorbus aucuparia. Wapo wanaouita pia mountain ash, na jina hilo limewapoteza wengi. Mti wa ash ni wa ukoo mwingine kabisa, na ule ugonjwa unaoangamiza miti ya ash Ulaya haugusi mrowani. Huu ni ndugu wa tufaa na pea, wote wa ukoo wa waridi. Undugu huo ukumbuke, maana magonjwa yake mengi ni yaleyale ya tufaa.

Kabla hujanunua chochote

Anza na mahali. Mti uliokomaa hufika mita 8 hadi 15, ingawa katika bustani nyingi huishia karibu na mita 8 au 10. Mizizi yake haina sifa ya kubomoa misingi, hata hivyo mimi huuacha mbali na ukuta wa nyumba kwa mita 5, na mbali na uzio wa jirani kwa mita 3. Unapenda jua, na kivuli cha nusu siku unakivumilia. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Mti si sufuria ambayo utaihamisha mkataba ukiisha.

Kisha pima udongo. Sisemi uende maabara. Chimba shimo la kina cha sentimita 40, lijaze maji, rudi kesho yake. Kama maji bado yamesimama, tafuta pahali pengine au panda kwenye tuta lililoinuliwa. Mrowani hukubali udongo maskini, wa kichanga, wenye mawe, hata wenye tindikali ambao mboga zimeukataa. Udongo wa chokaa ulio mwembamba na mkavu unausumbua. Udongo uliolowa mwaka mzima unauua.

Halafu aina. Mrowani wa porini ndio ninaoupendekeza kwa mtu wa mara ya kwanza, kwa bei na kwa uvumilivu wake. Kama eneo ni jembamba, kuna 'Sheerwater Seedling', unaokwenda juu bila kutanuka sana. 'Joseph Rock' una vitunda vya manjano na majani yanayowaka rangi Oktoba, lakini hushikwa kirahisi na ugonjwa wa moto nitakaoueleza mbele. Mwenye kiwanja kidogo kabisa amtafute ndugu yake wa China, Sorbus vilmorinii, unaoishia karibu na mita 5 na kuzaa vitunda vya waridi. Anayetaka vitunda vya jikoni aulize 'Edulis', ambao vitunda vyake ni vikubwa na uchungu wake ni mdogo.

Vitu vya kuwa navyo mkononi:

- mche mmoja
- sepeto na uma wa kulimia
- ndoo 2 za lita 10
- nguzo ya mbao na ukanda wa mpira wa kufungia
- viroba 2 vya matandazo, yaani vipande vya mbao au magome yaliyosagwa
- kinga ya shina, kama eneo lako lina sungura au kulungu

Mbolea haimo kwenye orodha, na sijaisahau.

Kupanda, hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi. Nataja miezi kwa makusudi, kwa sababu vuli yetu na yao si kitu kimoja na watu wamechanganyikiwa kwa neno hilo. Uingereza, Ireland na Uholanzi, panda mche wa mizizi mitupu, yaani unaouzwa bila udongo wala chungu, kati ya Novemba na Machi, mti ukiwa umelala hauna jani. Siku ambayo ardhi imeganda au imejaa maji, subiri. Kule ambako ardhi huganda miezi mingi, kama Ufini au kaskazini mwa Sweden, panda mara tu barafu inapoachia udongo, au mapema Septemba kwa mche wa chunguni. Mche wa chunguni unaweza kupandwa hata Julai, ila utakuwa umejipa kazi ya kumwagilia kila mara.

2. Nunua mche mdogo. Najua mkono unavutwa na ule wa mita 3 uliosimama mlangoni mwa kitalu. Uache. Mche wa sentimita 60 hadi 90 wenye mizizi mitupu ni wa bei ndogo, hushika haraka, na baada ya miaka michache mara nyingi huwa umemfikia yule mkubwa, ambaye alikatwa mizizi mingi wakati wa kung'olewa na bado anaugulia. Uliza kama mbegu zake zilitoka eneo la karibu. Kagua shina: lisiwe na mikwaruzo wala madoa yaliyozama. Kama ni wa chunguni, omba uuchomoe utazame mizizi. Ikiwa imejizungusha kama kamba ndani ya chungu, chagua mwingine.

3. Linda mizizi isipigwe upepo. Mizizi mitupu hukauka upesi, hata siku ya mawingu. Iache ndani ya mfuko mpaka dakika ya mwisho, kisha iloweke kwenye ndoo ya maji kwa saa 1. Kama huwezi kupanda siku hiyo, fukia mizizi kwenye udongo wenye unyevu pembeni mwa bustani. Hapo mche utakaa salama wiki kadhaa. Usiuingize ndani ya nyumba. Sebuleni kuna joto, mche utadhani ni Aprili, utaamsha machipukizi, nawe ukiutoa nje utakuwa umeuua. Mrowani wangu wa pili ulikwenda hivyo.

4. Chimba shimo pana, lisiwe refu. Upana uwe mara 3 ya upana wa mizizi, kina kiwe sawasawa na mizizi yenyewe. Kwenye udongo wa mfinyanzi chimba shimo la mraba, kwa sababu shimo la duara lenye kuta laini huifanya mizizi izunguke humohumo kama iliyo chunguni. Toboa kuta kwa uma. Chini usichimbue zaidi. Udongo uliolegezwa chini hushuka baadaye na mti ukazama nao.

5. Itafute shingo ya mti. Hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Shingo ni pale shina linapotanuka na mzizi wa kwanza mnene kujitokeza. Shingo hiyo lazima ikae usawa wa ardhi au sentimita 1 au 2 juu yake. Kwetu tumezoea kufukia mche wa mgomba ukasimama imara, na tukipanda mbuni tunabana udongo vizuri shingoni. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo: nilizamisha mrowani sentimita 15 nikidhani naukinga na baridi. Ulichanua majani Mei, ukadumaa mwaka mzima, na mwaka uliofuata gome lililokuwa chini ya udongo likawa limeoza pande zote. Gome la shina halikuumbwa kukaa udongoni. Weka fimbo iliyonyooka juu ya shimo, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha linganisha shingo na fimbo. Miche ya chunguni mara nyingi imefunikwa udongo wa ziada juu ya shingo. Ukwangue mpaka uione. Na kama ni aina iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la chini la mti mwingine, lile vimbe la kiungo libaki juu ya udongo.

6. Pigilia nguzo kabla ya kurudisha udongo. Ukipigilia baadaye utapasua mizizi. Nguzo ikae upande unaotoka upepo, na ifungwe chini, kama sentimita 60 kutoka ardhini kwa mti wa mita 2. Sehemu ya juu iachwe icheze, kwa kuwa ule mtikisiko ndio unaonenepesha shina. Mche ulio chini ya mita 1 hauhitaji nguzo kabisa.

7. Rudisha udongo uleule. Usichanganye samadi wala mboji shimoni. Ukiweka chakula kizuri ndani ya shimo, mizizi itakaa humo na kukataa kutoka nje kwenye udongo wa kawaida. Shimo hilo laini pia hugeuka bakuli la maji wakati wa mvua. Jaza kidogo kidogo, tikisa mche ili udongo uingie katikati ya mizizi, kisha kanyaga kwa kisigino taratibu. Usirukeruke juu yake.

8. Mwagilia ndoo 2, hata kama mvua inanyesha. Maji haya ni ya kuushikanisha udongo na mizizi. Mvua ya rasharasha haifiki huko.

9. Tandaza. Ondoa nyasi zote kwenye duara la kipenyo cha mita 1, weka matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8, na uache nafasi ya kiganja kati yake na shina. Matandazo yanayogusa shina yanafanya kosa lilelile la kuzika shingo.

10. Vika kinga. Kwa sungura, kinga ya sentimita 60 inatosha. Kwa kulungu wadogo wanaoitwa roe, weka mrija wa mita 1.2. Penye kulungu wakubwa wekeza kwenye uzio wa mita 1.8, la sivyo wanakula kilele kila msimu na mti unabaki kichaka. Mjini, penye paka na watoto tu, ruka hatua hii.

Blanketi, nailoni, magunia na taa za kupasha joto viache dukani.

Miaka 3 ya kwanza

Kazi ni maji na nyasi. Kuanzia Aprili hadi Septemba, wiki isiyo na mvua ya maana, mwaga ndoo 2 kwa mara moja, polepole, chini ya mti. Mara moja kwa wiki kwa wingi ni bora kuliko kikombe kila jioni, ambacho huifundisha mizizi kukaa juu. Fanya hivyo misimu 2. Nchi hizi zinaitwa za mvua, na ndiyo maana watu wanajisahau. Mei na Juni ikikauka, mche mpya hauna mizizi ya kwenda kutafuta.

Duara la mita 1 lisiote nyasi kwa miaka 3. Nyasi hunywa maji kabla ya mti. Kuna sababu nyingine pia: penye nyasi utapeleka mashine ya kukatia, na uzi wa mashine ile ukigusa gome la mche mara moja tu unatosha kulichubua. Nimeona miti mingi zaidi imekufa kwa mashine ya nyasi kuliko kwa wadudu.

Nguzo iondoe baada ya mwaka 1 au 2. Kila Machi legeza ukanda, usije ukakaba shina. Kupogolea ni kidogo sana: kati ya Novemba na Februari kata lililokufa, lililovunjika, na tawi linalosugua jingine. Mti huu hujipanga wenyewe.

Kuhusu kukata, neno moja. Wazee wa Uskoti waliupanda mrowani mlangoni kuzuia wachawi, wakavifunga vijiti vyake kwa uzi mwekundu na kuvitundika kwenye zizi la ng'ombe, na hadi leo wapo wasiokubali kuuangusha. Mtu wa Uchagani halioni hilo kuwa jambo la ajabu. Kwetu masale hupandwa mipakani na makaburini, na hayang'olewi ovyo. Kama umenunua nyumba yenye mrowani mzee mlangoni, zungumza na jirani kabla ya kuleta msumeno.

Ukitaka kuanzia kwenye mbegu

Inawezekana, na ni bure, ila inataka subira. Ndani ya nyama ya kitunda mna kitu kinachozuia mbegu kuota, na mbegu yenyewe imelala usingizi mzito ambao huvunjwa na baridi ndefu tu. Ndiyo maana ulizofukia kwenye kopo dirishani jikoni hazikutoka.

1. Chuma vitunda vilivyoiva Septemba, kabla ndege hawajavimaliza. Viponde ndani ya maji kwa mkono, chekecha, suuza mpaka nyama yote itoke. Mbegu nzuri huzama, zinazoelea zitupe.

2. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, kiasi kwamba ukiufinya hautoi tone. Weka kwenye mfuko, andika tarehe.

3. Acha mfuko mahali pa joto la kawaida la chumba kwa wiki 2, kisha uhamishie kwenye friji, nyuzi 3 hadi 5, kwa wiki 12 hadi 18. Usiweke kwenye sehemu ya kugandisha. Kuanzia wiki ya 10, fungua na utazame kila wiki.

4. Ukiona vijizizi vyeupe, panda mara moja kwenye trei, kina cha nusu sentimita, na uweke nje penye mwanga usio wa jua kali.

Asiyetaka shughuli za friji apande mbegu moja kwa moja kwenye chungu mwezi Oktoba, afunike kwa wavu kuzuia panya, akiache nje kipigwe na theluji. Hii ndiyo njia ninayoipenda. Hatari yake ni moja tu: sehemu ya mbegu huota Aprili inayofuata, na nyingine husubiri baridi ya pili. Mara ya kwanza nilimwaga chungu changu mwezi Juni nikiamini zimekufa. Mama mmoja jirani, mzee aliyelima maisha yake yote, alikuwa amechukua mbegu za mti uleule siku ileile. Chungu chake alikisahau pembeni mwa banda, na mwaka uliofuata kikatoa miche 11. Mmoja wa hiyo ndio umesimama mbele ya dirisha langu. Usimwage chungu kabla hakijapita majira 2 ya baridi.

Miche ikitoa majani yenye umbo lake halisi, ihamishe kila mmoja kwenye kiriba chake, iache nje mwaka mzima, na ipande bustanini ikiwa na sentimita 30 au zaidi. Maua ya kwanza utayasubiri miaka 5 hadi 10.

Mambo yanapoharibika

*Mei imefika na mche haujachipua.* Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani, uko hai, endelea kumwagilia. Pakiwa kahawia na pakavu, shuka chini ukwangue tena. Usiung'oe kabla ya mwisho wa Juni.

*Kingo za majani zimekauka Julai.* Kiu. Ongeza maji, tazama kama nyasi zimerudi kwenye duara.

*Majani na maua ya tawi moja yamenyauka ghafla, meusi kama yaliyopitiwa na moto, na ncha imejikunja kama mpini wa bakora.* Huu ndio ugonjwa wa moto niliousema, unaoletwa na bakteria Erwinia amylovora, na unashambulia pia matufaa na mapea. Kata tawi angalau sentimita 30 chini ya mahali dalili zinapoishia. Kwa tawi nene, sentimita 60. Safisha msumeno kwa dawa ya kuua vijidudu kati ya mkato mmoja na mwingine. Usitupe mabaki kwenye mboji. Katika baadhi ya nchi, Norway ikiwamo, unatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya kilimo unapoushuku.

*Vipele vya kijani hafifu kwenye majani vinavyogeuka kahawia.* Ni utitiri, wadudu wasioonekana kwa macho. Hawaudhuru mti. Acha dawa.

*Mti unatingishika ardhini baada ya majira ya baridi.* Udongo ukiganda na kuyeyuka huusukuma mche juu. Kanyaga tena kuuzunguka mwezi Machi.

*Vijiti vinachipua kutoka chini ya vimbe la kiungo.* Hao ni watoto wa shina la chini, si aina uliyoinunua. Wavute kwa mkono wangali laini, ukikata wanarudi.

*Shina limegugunwa pande zote.* Kama gome limeondoka duara zima, sehemu ya juu haitapona. Usikate tamaa na mzizi: kata shina chini ya jeraha Februari, mrowani wa porini mara nyingi huchipua upya, kisha acha chipukizi moja lililonyooka.

*Umechanua vizuri lakini vitunda ni vichache.* Sababu ni kadhaa. Huenda ungali mchanga. Huenda baridi ya usiku wa Mei iliunguza maua. Huenda uko peke yake. Hubeba vizuri zaidi kukiwa na mrowani mwingine jirani. Na mara nyingi ni mapumziko tu, kwa sababu mti huu hubeba sana mwaka mmoja na kidogo mwaka unaofuata. Waswidi wana msemo kwamba mrowani haubebi mizigo miwili, wakimaanisha vitunda vingi na theluji nyingi haviji mwaka mmoja. Kuna pia nondo mdogo ambaye mabuu wake hula ndani ya vitunda. Mwaka ambao vitunda ni haba, nondo huyo huhamia kwenye matufaa, kwa hiyo mwenye matufaa ayaangalie.

*Vitunda vimeisha ndani ya wiki 1.* Ndege wamefika. Jina lenyewe la kisayansi, aucuparia, linatokana na kunasa ndege, kwa kuwa zamani vitunda hivi vilikuwa chambo. Mimi hupanda kwa ajili yao. Kuna majira ya baridi ambapo huja kutoka Skandinavia makundi ya waxwing, wana kishungi kichwani na vijidoa vyekundu kama nta kwenye mabawa, na kwa siku mbili tatu bustani yangu hujaa mlio wao mwembamba. Anayetaka vitunda vikae hadi Desemba apande aina za manjano, waridi au nyeupe. Ndege huanza na vyekundu.

*Mtoto amekula vitunda vibichi.* Viwili vitatu humkunja uso kwa uchungu tu. Vingi huumiza tumbo, kwa sababu ya asidi iliyomo ambayo hubadilika kuwa isiyo na madhara ikipikwa. Amekula vingi na anatapika? Piga simu kwa daktari.

*Nina balkoni tu.* Chukua Sorbus vilmorinii, chungu cha lita 50 chenye matundu mengi, na ukubali kumwagilia karibu kila siku Julai.

Vitunda jikoni

Subiri baridi ya kwanza ivipige, au vilaze usiku kwenye sehemu ya kugandisha, uchungu hupungua. Kwa jeli, kilo 1 ya vitunda na kilo 1 ya matufaa yaliyokatwakatwa bila kumenywa, maji ya kufunika tu, chemsha mpaka vilainike. Mimina kwenye kitambaa safi kilichoning'inizwa, acha vichuruzike usiku kucha, na usikamue, la sivyo juisi haitakuwa angavu. Kwa kila mililita 600 za juisi weka gramu 450 za sukari, chemsha kwa nguvu mpaka tone likigandana kwenye sahani baridi. Waskoti huila na nyama ya kulungu. Kwangu huliwa na mbuzi wa kuchoma, na chupa haimalizi wiki.

Swali la mwisho: nitume mbegu nyumbani?

Hili huulizwa kila Desemba watu wakifunga mizigo. Jibu ni usitume. Mbegu hazisafirishwi mfukoni bila cheti cha afya ya mimea. Tanzania wanaosimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Kenya ni KEPHIS, na wana haki ya kuzitaifisha. Hata zikipita, mti unahitaji miezi ya baridi ili mbegu ziamke na machipukizi yafunguke kila mwaka. Baridi ya usiku ya Lushoto, Limuru au Njombe haifiki huko. Ndugu aliye nyanda za juu anayetaka mti wa ukoo huu atafute kitaluni tufaa la 'Anna', lililozalishwa kwa nchi zenye baridi kidogo, na hatua ya 4 hadi ya 9 hapo juu azifuate zilezile.